Bwawa Lililotelekezwa: Soma Dalili Kabla Hujamwaga Klorini

Masika yakikatika, simu yangu hailali. Nyumba ya Mbezi Beach ilikaa bila mpangaji, mwenyewe yuko Muscat au Houston, mlinzi aliambiwa aliangalie bwawa na akaliangalia kweli, kwa macho. Sasa wageni wanakuja Jumamosi. Maneno ya mpigaji nayajua kabla hajayatamka: "Fundi, nimemwaga ndoo nzima ya klorini na bado kijani. Hii klorini ya siku hizi feki?"

Mara nyingine ni feki kweli, tutafika huko. Lakini mara nyingi klorini haina kosa, imepewa kazi ya ufagio tu. Klorini huua vijidudu na kuunguza uchafu ulioyeyuka majini. Majani ya mwembe ya misimu miwili yaliyolala chini haiwezi kuyazoa. Itapambana nayo mpaka iishe yenyewe. Ndiyo maana mpangilio wangu haubadiliki: kwanza toa kinachozoleka, pili maji yazunguke na kuchujwa, tatu ndipo dawa. Ukianza na dawa, utainunua mara mbili.

Hapa chini nimepanga mambo kwa dalili, kama watu wanavyonieleza kwenye simu, na kila dalili inaanza na sababu ninayoikuta mara nyingi zaidi.

Kabla ya yote: ujazo na kipimo

Dozi zote huhesabiwa kwa ujazo, na karibu kila mteja hukisia. Chukua futi. Urefu mara upana mara kina cha wastani. Bwawa la mita 10 kwa 5, lenye kina cha mita 1 upande wa watoto na mita 2 upande wa pili, lina wastani wa mita 1.5, yaani mita za ujazo 75, sawa na lita 75,000. Nitalitumia bwawa hili kwa mifano yote.

Kipimo cha vichupa viwili, cha njano na chekundu, kinatosha kuanzia, ila ujue udhaifu wake: ile njano huonyesha klorini yote, hata iliyokwisha nguvu kwa kushikana na uchafu. Kipimo cha vidonge vinavyogeuza maji kuwa waridi hutenganisha klorini huru na iliyochoka, na kwa bwawa lililoharibika kinalipa. Nacho kina mtego wake. Klorini ikizidi sana, ile waridi huunguzwa, maji yanabaki meupe, ukadhani hakuna kitu na kuongeza nyingine. Ukishuku hivyo, changanya sehemu moja ya maji ya bwawa na tisa za maji ya kunywa ya chupa, pima, kisha zidisha kwa kumi.

Namba tunazozitafuta: pH, yaani kipimo cha asidi ya maji, kati ya 7.2 na 7.6, klorini huru miligramu 1 hadi 3 kwa lita, alkali, ile inayozuia pH isiyumbe, 80 hadi 120, na stabilaiza, ile dawa inayoikinga klorini dhidi ya jua, 30 hadi 50.

"Kwa nini tusilikaushe tu tuanze upya?"

Hii si dalili, ila ndilo swali linaloharibu mabwawa kuliko mwani wote wa Pwani. Maeneo kama Msasani na Mikocheni maji ya ardhini yako karibu, na baada ya masika yanapanda zaidi. Bwawa lililojaa huwa zito, linakaa. Ukilikausha, maji ya chini yanalisukuma kutoka nje, na zege lile linataka kuelea kama mtumbwi. Niliwahi kuitwa asubuhi moja mwezi wa Mei na mzee aliyekausha bwawa lake usiku kucha kwa pampu ya kukodi. Upande wa kina kirefu ulikuwa umeinuka kiasi cha kiganja, vigae vimepasuka mstari mzima, bomba la chini limekatika. Gharama ya kurekebisha ilikaribia ya kuchimba jipya.

Angalia kisima cha jirani, au shimo lolote lililochimbwa karibu. Kama maji yanaonekana juu kuliko sakafu ya bwawa, usikaushe. Kuna mabwawa yenye vali ya kupunguza msukumo sakafuni, lakini ikikaa miaka bila kuguswa huziba, usiitegemee. Bwawa la faibaglasi usilikaushe kabisa bila mtaalamu. Tena kuna hesabu ya maji: lita 75,000 ni maboza saba na nusu ya lita 10,000. Mara nyingi maji mabaya uliyonayo ni rahisi kuponya kuliko kununua mengine.

"Maji meusi, yananuka, ngazi ya pili haionekani"

Usiingie. Hata kama unajua kuogelea na unajua pale ni kifuani. Vigae vimeota utelezi wa bamia, na mtu akizama katika maji yasiyoonyesha chini hakuna atakayemwona. Funga njia ya watoto kabla hujatafuta hata wavu. Halafu vaa buti na glavu za mpira: panya hunywa na kukojoa humo, na homa ya mgunda, ile iliyotangazwa mkoani Lindi mwaka 2022, hupita kwenye michubuko ya ngozi. Chomeka fimbo kwanza kwenye majani ya pembeni. Nimeshatoa humo kenge, vyura wasiohesabika, na nyoka mmoja ambaye sikusubiri kumtambua.

Sababu ya kwanza, karibu kila mara, ni majani. Mkungu ndio mbaya zaidi, jani lake kubwa linaoza taratibu na kutoa rangi kama ya chai ya rangi. Mvinje nao una vile vijiti vyembamba vinavyopita kwenye wavu na kwenda kuziba pampu. Tumia wavu wa mfuko wenye mpini mrefu, si ule bapa wa kuokotea vijani vya juu. Vuta polepole kutoka kina kirefu kuja kifupi, acha uchafu utulie, rudia kesho. Siku mbili au tatu za kazi hii, bila senti ya dawa, ndizo zinazookoa pesa. Na usiwashe pampu bado. Utasukuma matope yote kwenye mabomba. Ukiwa na pampu ndogo ya kuzamisha, unaweza kutoa tope la chini pamoja na maji kidogo, ukimwagia migomba na miti. Kabla ya kutia kemikali maji hayo ni mbolea. Baada ya klorini, usithubutu.

Sababu ya pili ni mnyama aliyekufa. Paka, panya, popo. Toa kwa wavu, fukia, endelea.

Ya tatu ni adimu lakini nzito: maji taka. Kama kuna harufu ya choo, au kina kinaongezeka siku isiyo na mvua, karo la kwako au la jirani linavujia humo. Hapo acha kila kitu, ita fundi wa maji taka na bwana afya. Klorini haitibu karo linalovuja.

Viluwiluwi vya mbu vikiwepo, na vitakuwepo, usisubiri hadi usafi ukamilike. Kutoka yai hadi mbu anayeruka ni wiki moja hivi kwa joto letu. Dawa ya kibaiolojia ya kuulia viluwiluwi hutengenezwa hapa hapa Kibaha, na kama kazi itachelewa, perege wachache watawamaliza kwa furaha, ila uwatoe kabla ya klorini. Kagua pia vikapu vya skima (ule mdomo wa ukutani unaovuta uchafu wa juu ya maji), mikunjo ya turubai na ndoo zilizolala pembeni. Mbu wa dengi, aliyetutesa Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, anapenda vyombo vidogo kuliko bwawa lenyewe, na mayai yake hustahimili ukavu kwa miezi.

"Pampu inanguruma lakini haizunguki"

Nimeiweka hapa kwa sababu huwezi kwenda kwenye kijani bila maji kuzunguka.

Zima umeme kwenye meni swichi, usitegemee taima. Pampu iliyokaa mwaka mzima huwa shafti yake imeshika kwa chumvi na kutu. Nyuma ya mota, upande wa feni, jaribu kuizungusha kwa bisibisi, taratibu, huku na huku. Ikiachia, umepona. Isipoachia, beringi zimekufa. Ikizunguka kwa mkono lakini kwa umeme inanguruma tu, kapasita, kile kifaa kinachoisukuma mota ianze, imechoka. Kubadilisha ni kazi ndogo, ila kapasita hubaki na umeme hata baada ya kuzima, kwa hiyo kama hujui kuitoa chaji mwachie fundi umeme. Ukikuta nyaya zimetafunwa na panya, breka inayoruka kila ukiwasha, au mwili wa pampu unaokupiga shoti hata kidogo, mjadala umekwisha. Maji na umeme usio na ethi nzuri vimeua watu, na taa ya ndani ya bwawa iliyoingia maji ni hatari ile ile.

Neno jingine: pampu nyingi zimewekwa shimoni, na shimo hilo hilo hugeuzwa stoo ya klorini. Hewa ya klorini ni nzito, hukaa chini. Ukifunua mfuniko ukahisi inakuwasha pua, usishuke. Acha wazi, subiri, na usiwe peke yako.

"Inazunguka lakini haivuti maji"

Kina cha maji kwanza. Lazima kifike katikati ya mdomo wa skima, la sivyo pampu inakunywa hewa. Kisha vikapu viwili, cha skima na cha pampu. Kisha mpira wa duara chini ya mfuniko wa pampu: ukikauka, hewa inaingia na unaona mapovu ndani. Upake grisi ya silikoni. Wengi hupaka mafuta ya mgando yaliyo bafuni, na mpira unavimba baada ya wiki chache. Jaza kikapu cha pampu maji mpaka juu kabla ya kuwasha; ikikimbia kavu dakika chache tu, sili inaungua na utaanza kuona maji yakidondoka kati ya mota na pampu.

Kama bado, bomba la kuvutia limeziba au limepasuka chini ya ardhi. Usivunje sakafu kwa kukisia. Fundi mwenye kifaa cha kupima presha ataitenga sehemu yenye ubovu.

"Geji inapanda, maji yanarudi kwa unyonge"

Chujio la mchanga limejaa, na kwa bwawa chafu hilo ni jambo la kila siku, si ubovu. Andika presha ya chujio likiwa safi, kwa rangi ya kucha ukutani ukipenda. Ikipanda kwa baa 0.5 hadi 0.7 juu ya hapo, fanya bakiwoshi, yaani pitisha maji kinyume yaoshe mchanga na kutoka nje, dakika mbili au tatu mpaka kioo kidogo cha vali kiwe angavu, kisha suuza nusu dakika kabla ya kurudisha kwenye kuchuja. Kila ukitaka kugeuza mkono wa vali, zima pampu kwanza. Gasketi ya ndani hukatika mara moja tu, na baada ya hapo maji yako yatakuwa yanavuja kwenye bomba la kutupia bila wewe kujua.

Bakiwoshi isiposaidia, fungua chujio. Mchanga ukikaa bila kazi huganda kama tofali, maji yakatoboa njia moja na kupita bila kuchujwa. Mchanga huishi miaka mitano hadi saba, na unaofaa ni wa silika wa milimita 0.5 hadi 1. Mchanga wa ufukweni una chumvi na makombe, wa ujenzi una udongo. Usishawishike.

Ukiona mchanga unarudi ndani ya bwawa, vidole vya plastiki vya chini ya chujio vimevunjika. Geji ikiwa chini na maji ni manyonge, tatizo liko upande wa kuvuta, rudi sehemu iliyotangulia.

"Kijani, na klorini imemwagwa nyingi"

Sasa majani yametoka na maji yanazunguka. Sababu kwa mpangilio ninaoukuta:

pH iko juu. Kwenye 7.2, karibu theluthi mbili ya klorini iko katika hali ya kuua. Ikifika 8, hata robo haifiki. Ndoo uliyomwaga ilikuwepo, imekaa tu. Shusha pH kwanza kwa asidi ya chumvi. Asidi ndiyo inayomwagwa kwenye ndoo ya maji, kamwe si maji kwenye asidi. Miwani, glavu, upepo mgongoni. Na asidi isikutane na klorini, hata kikombe kimoja kisitumike kwa zote mbili: gesi inayotoka ilitumiwa vitani.

Dozi ilikuwa ndogo, au ya mchana. Kwa bwawa letu la mita za ujazo 75, kupandisha klorini kwa miligramu 10 kwa lita kunahitaji kilo 1.2 hivi ya klorini ya unga ya asilimia 65. Kijani kilichokolea kinataka mara mbili yake. Koroga kwenye ndoo ya maji, mwaga jua likizama ukizunguka ukingo, huku pampu ikifanya kazi. Sugua kuta kwa brashi kabla, kila siku, maana mwani una ute juu yake kama blanketi. Pampu isizimwe saa 24 kwa siku za mwanzo. Rudia kila jioni mpaka rangi ihame kutoka kijani kwenda kijivu. Kijivu ni habari njema: mwani umekufa, kilichobaki ni maiti.

Klorini yenyewe ni dhaifu. Hapa ndipo hoja ya feki ina ukweli. Unga uliopimwa kwa kikombe kutoka pipa lililo wazi, juani, umepoteza nguvu siku nyingi, hata kama muuzaji hakudanganya. Nunua ndoo iliyofungwa. Na usichanganye unga na vidonge vya klorini, hata vikiwa vikavu, hata kwenye kijiko kimoja. Vikikutana vinaweza kuwaka au kulipuka.

Stabilaiza imezidi. Kisa hiki ni cha wanaotumia vidonge tu. Kila kidonge huacha stabilaiza nyuma, nayo haiondoki kwa jua wala kwa chujio. Vidonge vitatu vya gramu 200 kwa wiki katika bwawa letu huongeza kama miligramu 4 kwa lita, yaani zaidi ya 200 kwa mwaka kama maji hayakubadilishwa. Ikipita 100, klorini inakuwa kama simba aliyefungwa kamba. Dawa yake ni kutoa sehemu ya maji na kuweka mapya, kidogo kidogo, ukikumbuka habari ya mtumbwi.

Na kama maji ni kijani lakini angavu, sakafu unaiona, brashi haitoi utelezi? Huo si mwani, ni shaba. Muulize mlinzi kama kuna mtu alitia mrututu, ile chumvi ya bluu yenye shaba. Unaua mwani kweli, ndiyo maana watu wanaupenda, lakini ukizidi unapaka grauti rangi ya bluu na nywele nyeupe za wageni zinatoka kijani. Klorini zaidi itazidisha madoa. Shusha pH, tia dawa ya kushika metali, chuja.

"Natia klorini jioni, asubuhi haipo"

Bado kuna uchafu, hata kama huuoni: nyuma ya taa, chini ya ngazi, ndani ya skima. Hilo ndilo la kawaida. La pili, kama klorini inapotea mchana na si usiku, stabilaiza haipo na jua linaila yote kwa saa chache. La tatu huwachanganya hata mafundi: bwawa lililokaa muda mrefu, bakteria wamekula stabilaiza yote na kuacha amonia. Maji hayo humeza klorini dozi baada ya dozi, kipimo kinasoma sifuri nusu saa tu baada ya kumwaga. Endelea na dozi ndogo ndogo siku hiyo hiyo, au badilisha theluthi moja ya maji kwanza. Binafsi nachagua kubadilisha.

"Meupe kama tui la nazi"

Mwani uliokufa unaelea. Chujio litaushinda kwa siku tatu hadi saba ukilisaidia kwa bakiwoshi. Ukiharakisha, tumia shabu: gramu 50 hivi kwa kila mita ya ujazo, iliyoyeyushwa kwenye ndoo, imwagwe jioni. Zungusha maji kidogo huku vali ikiwa kwenye njia inayokwepa chujio, kisha zima pampu usiku kucha. Asubuhi uchafu umelala sakafuni kama uji. Uvute kwa vakyumu moja kwa moja kwenda nje, si kupitia chujio, na usiuvuruge. Maji utakayopoteza ni sehemu ya bei. Shabu hushusha pH, pima tena.

Kama weupe umekuja baada ya kupandisha pH kwa magadi, ni chokaa, hasa kwa maji ya kisima. Shusha pH mpaka 7.2 na usubiri.

"Yalikuwa safi, nikatia klorini, yakawa kahawia"

Maji ya kisima yenye chuma. Klorini imekitia kutu mbele ya macho yako. Wengi huogopa na kukausha, hakuna haja. Zungusha na chuja, fanya bakiwoshi mara kwa mara, na wakati mwingine ukijaza kutoka kisimani weka dawa ya kushika metali kwanza. Doa la kahawia ukutani lijaribu kwa kidonge cha vitamini C: sugua kwa dakika moja, likifutika ni chuma. Lisipofutika, yaelekea ni rangi ya majani, na hiyo klorini yenyewe itaitoa.

"Maji yanapungua kila siku"

Weka ndoo yenye maji juu ya ngazi ya bwawa, maji ya ndani na ya nje yakiwa sawa, tia alama zote mbili. Baada ya saa 24, zikishuka sawa ni jua na upepo. Milimita 5 kwa siku si ajabu, na kwa bwawa letu ni lita 250. Bwawa likishuka zaidi ya ndoo, linavuja. Rudia pampu ikiwa imezimwa. Likivuja tu pampu ikiwaka, ni mabomba ya kurudisha maji. Likivuja vyote viwili, kagua pale skima inapokutana na zege, kisha taa, kisha nyufa, ukidondosha wino kidogo maji yakiwa yametulia uone unavutwa wapi. Ufa unaoendelea kurefuka, au sakafu iliyoinama upande mmoja, ni kazi ya injinia, si ya saruji na mwiko.

"Vidoa vyeusi kwenye grauti, vinarudi"

Mwani mweusi. Una mizizi, na kichwa chake kina gamba. Brashi ya waya kwa bwawa la plasta, ya nailoni ngumu kwa vigae. Bila kuvunja gamba, klorini inapita juu tu. Ule unaofanana na vumbi la njano upande wa kivuli unatoka kwa mguso mmoja na kurudi kesho. Osha pia brashi, wavu na nguo za kuogelea, maana ndimo unamojificha.

"Harufu ya klorini ni kali, macho yanawasha"

Watu hupunguza klorini hapa. Inatakiwa kuongezwa: inayonuka ni ile iliyochoka kwa jasho na mkojo. Pima pH, kisha piga dozi kubwa usiku bila mtu ndani.

"Tuingie lini?"

Simama ukingoni upande wa kina kirefu. Kama skrubu za kifuniko cha tundu la chini zinahesabika, nenda hatua ya pili: pima klorini huru jua likizama, pima tena alfajiri kabla jua halijagusa maji. Kama tofauti ya vipimo hivyo viwili haifiki miligramu 1 kwa lita, hakuna kilichobaki cha kuliwa. Subiri ishuke mpaka 3, hakikisha kifuniko kile cha chini kimefungwa imara na hakijavunjika, maana tundu lililo wazi hunyonya nywele na mkono wa mtoto. Kikiwa kimevunjika, pampu inabaki imezimwa na bwawa limefungwa mpaka kingine kipatikane, hata kama wageni wameshafika na taulo mabegani.